Ujumbe Uliochekwa Nyakuron

Kwa jina lake Yeye ajuaye yaliyofichwa vifuani kabla ndimi hazijayatamka, na amtambuaye mkweli hata siku ile ambayo baraza zima linamcheka, hadithi hii inafunguliwa. Kwake hapotei mpotevu, na mbele yake hakuna jina lililofutika.

Ama baada ya hayo, na wawekwe watu mahali pao, ili msikilizaji asitatizike.

Wa kwanza ni Ayak, mwanamke wa Kidinka aliyelelewa Nakuru katika nchi ya Kenya, akarudi Juba akiwa mtu mzima mwenye kusoma na kuandika vyema. Kazi yake ni kupiga chapa katika duka la Josline, Mganda wa Masaka, huko Nyakuron. Duka lile hunakili vyeti, huchapa barua za maombi, na zaidi ya yote huwapokelea watu barua pepe. Wakazi wengi wa mitaa ile hawana anwani zao wenyewe, basi hutoa anwani ya duka, na Ayak ndiye anayewasomea au kuwachapia kilichofika. Rafiki wa duka ni Makuach, mwalimu wa kompyuta aliyekulia Eldoret, mtu wa maneno mengi na moyo mwema.

Nyumbani kwa Ayak, Hai Mauna, wamo watatu: Abul, mama mkwe wake, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, Mabior, mwana wa Abul, fundi wa kuchomelea vyuma, na Athieng, binti mdogo wa Ayak, ambaye ulimi wake ulifumuliwa mapema na tangu hapo haujapumzika. Na yuko mmoja ambaye hayupo, Riang, mwana wa kwanza wa Abul. Huyo tutamfikia kwa mpango wake.

Duka la Josline lilikuwa na desturi ambayo hapana duka jingine lililokuwa nayo. Kila Jumamosi alasiri, wateja wakishapungua na chai ikishamiminwa, barua za matapeli zilizoingia juma lile zilifunguliwa na kushtakiwa. Ayak alikuwa msomaji, kwa kuwa alikuwa na kipaji cha kuigiza sauti. Kama barua ilikuwa ya Kiingereza aliigeuza Kiswahili palepale, tena kwa mbwembwe. Josline alikuwa mwendesha mashtaka. Makuach alikuwa hakimu. Hukumu ikishatoka, wote walipiga kofi moja kwa pamoja, na Ayak akaifuta barua ile.

Msidhani ilikuwa kazi ya upuuzi. Kabla desturi ile haijaanza, mama mmoja wa jirani alikuwa ameuza mashine yake ya kusaga ili amlipe mtu aliyemwahidi viza ya Ulaya, na mtu yule hakuonekana tena. Josline alisema siku ile kwamba watu huaibika wakidanganywa peke yao, lakini wakicheka pamoja hujifunza. Na kweli, tangu kicheko kile kianze, mtaa ule ulikuwa haujatapeliwa tena.

Jumamosi moja, barua ya kwanza ilitoka kwa mjane wa jenerali fulani asiye na nchi inayojulikana, mwenye masanduku ya dhahabu. Alimwambia Josline kwamba amemchagua kwa sababu ya uaminifu ulioandikwa usoni mwake.

"Uso yangu!" Josline aliruka kitini. "Banange, alionea wapi uso yangu? Hata kamera ya paspoti ilishindwa kuiona vizuri!"

"Labda dhahabu ndiyo imempofusha," akasema Makuach. "Mshtakiwa ana hatia. Pigeni."

Kofi likalia, barua ikafutwa. Ayak akafungua ya pili, akakohoa kidogo kuiandaa sauti.

"Hii imekuja kwa Kiswahili," akasema.

"Wacha! Kiswahili?" Makuach akacheka. "Manze, siku hizi mashine inawatafsiria. Soma, dada."

Ayak akasoma kwa sauti ya mtu anayelia puani:

"Kwako uliye dukani, salamu. Hunijui, nami sikujui. Anwani hii nimepewa na mtu aliyewahi kuishi mtaani kwenu, akaniambia barua za watu wengi hupitia hapo. Mimi ni mzima, ila watu wangu wanadhani nimekufa. Nimeambiwa kwamba nina mke na mtoto huko Juba ambao sijapata kuwaona. Wasomee watu maneno haya, na nyumba yangu itajijua. Kisha naomba uniambie mke wangu anaitwa nani, na mtoto wangu anaitwa nani. Sitaji jina langu wala majina ya watu wangu, kwa sababu huku nilipo majina huibwa. Simu hii si yangu. Usiitangaze habari hii kwa wageni. Nijibu upesi kabla mwenye simu hajaondoka."

Alipofika kwenye "mke wangu anaitwa nani", Josline alikwisha kuinamisha kichwa juu ya meza, mabega yakimtikisika.

"Ati mke yake anaitwa nani! Mimi iko na bwana Masaka, hata akilewa namna gani, jina yangu anajua. Jina ya mtoto anaweza kuchanganya, lakini yangu? Ajaribu!"

"Huyu si tapeli, ni msahaulifu," akasema mteja mmoja aliyekuwa akingoja cheti chake, na duka zima likaangua kicheko.

Makuach aliinua mkono wa kihakimu. "Tulieni, tulieni. Jina hana. Simu si yake. Anataka siri, anataka haraka, halafu anataka tumpe majina ya mke na mtoto wa watu, ili kesho amwandikie huyo mama kwamba mtoto wake ametekwa. Huyu ametimiza masharti yote. Hakubakisha hata moja. Tena amekosa aibu: anaoa kwa intaneti, anazaa kwa intaneti. Ana hatia. Pigeni!"

Wakapiga. Na Ayak, machozi ya kicheko yakimteremka, akaufuta ujumbe ule kwa mkono wake mwenyewe.

Alirejea Hai Mauna kabla jua halijachwa. Abul alikuwa uani akipepeta mtama, na Athieng ameketi karibu naye akichezea makapi. Ayak alipenda kumchekesha mkwewe, kwa kuwa Abul alikuwa mtu mgumu kucheka, na mwenye kumpata siku moja alijiona amevuna. Basi akavua viatu, akasimama katikati ya ua, akaigiza kama alivyoigiza dukani, safari hii kwa Kidinka.

"Nina mke na mtoto huko Juba ambao sijapata kuwaona! Niambieni, jamani, mtoto wangu anaitwa nani?"

Athieng akasimama wima. Alikuwa amefundishwa na bibi yake, kama watoto wa ukoo ule wanavyofundishwa, kwamba mtu mzima akiuliza jina hujibiwa kwa ukamilifu, na mababa hutajwa mmoja baada ya mwingine.

"Naitwa Athieng," akasema kwa fahari, "binti Riang, mwana wa Makuei, mwana wa Deng..."

Abul akacheka. "Umejibiwa," akamwambia Ayak. "Mpelekee huyo mwenye barua."

Lakini Ayak hakucheka. Ungo ulikuwa ukipanda na kushuka mikononi mwa mkwewe, naye aliutazama asiuone. 

Sasa na ielezwe habari ya Riang. Riang alijifunza Kiswahili utotoni, familia ilipokuwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Alipokuwa mtu mzima alikwenda kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu. Baada ya muda ikaja habari kwamba lori walilopanda liliungua jangwani na waliokuwamo wote wakateketea. Familia ikaomboleza, kanisani ikasomwa ibada, na ng'ombe akachinjwa. Na kwa kuwa Riang aliondoka duniani, kama walivyoamini, bila mke wala mtoto, wazee wa ukoo walifanya kama baba zao walivyofanya: walitoa ng'ombe wa mahari, wakaoa mke kwa jina la marehemu, ili jina lile liendelee kusimama. Mke aliyeolewa ni Ayak. Mabior, mdogo wa Riang, ndiye aliyekaa naye na kumzalisha. Lakini mbele ya ukoo Ayak ni mke wa Riang, na Athieng ni mtoto wa Riang.

Ayak alikubali ndoa ile bila kuilalamikia. Wenzake wa Nakuru walimshangaa, lakini yeye alimpenda Mabior, na baada ya miezi kadhaa alisahau kabisa kwamba kulikuwa na mume mwingine. Jina la Riang lilikuwa kwake kama jina la mtaa: mtu hulitaja kila siku bila kulifikiri. Ndiyo maana aliweza kusoma maneno yale mbele ya watu, tena kwa sauti ya kejeli, asijue kwamba nyumba iliyotakiwa kujijua ilikuwa yake.

Jumatatu alifika dukani mapema. Alijua kwamba kilichofutwa hakipotei mara moja. Hukaa katika kapu la taka la kompyuta kwa muda, kisha mashine yenyewe hukiondoa. Akaufungua ujumbe. Aliusoma bila kuigiza, na bila sauti ile ya puani yalikuwa maneno mengine.

Akaufunga.

Hapo ndipo ulipoanza mtihani wake. Hakuhitaji kutenda uovu wowote. Hakuhitaji kusema uongo. Alihitaji kunyamaza tu, na mashine ingemaliza kazi yenyewe. Hakuna aliyejua isipokuwa Muumba wake. Kama mtu yule alikuwa tapeli, ukimya ungekuwa busara, tena busara aliyoifundisha mtaa mzima. Na kama ni Riang? Kama ni Riang, basi mwanamume asiyemjua angeingia uani Hai Mauna, wazee wangekaa, na mtu angeuliza mbele ya wote: huyu Ayak ni mke wa nani? Mabior angetazama chini. Ayak alimfahamu Mabior. Hangegombana na kaka yake kwa lolote. Angekunja nguo zake taratibu, akaondoka.

"Josline," aliuliza adhuhuri ile, akijifanya anapanga karatasi, "hivi tumewahi kukosea?"

"Kukosea nini?"

"Kumhukumu mtu ambaye si tapeli."

Josline alifikiri, kalamu iko sikioni. "Kama tulikosea, angeandika tena. Mwongo akichekwa anatafuta mjinga mwingine. Mtu wa kweli iko na shida yake, ataenda wapi? Anarudi palepale."

Neno lile lilimtuliza Ayak kuliko ilivyostahili. Akajiambia: basi ningoje. Na katika kungoja kule akapata maficho mazuri, akayakalia siku kadhaa. Alifanya kazi, alipika, alicheka na Athieng. Lakini kila Abul alipomwita mtoto kwa jina lake kamili, Ayak aliinuka akatafuta kitu cha kushika.

Alhamisi, ujumbe wa pili ukaingia kutoka anwani ileile.

"Dada wa duka. Nimengoja. Labda mmenicheka. Sina kinyongo. Sisi pia, hapa kambini, siku simu ikiwa na chaji husomeana barua za uongo na kucheka, na nimeurudia ujumbe wangu mwenyewe nikaona kweli ungefaa kuchekwa. Huku kuna watu huyashika majina ya ndugu zetu, wakawaandikia kwa sauti zetu kuomba fedha. Ndiyo sababu nilificha. Sasa siulizi tena jina la mke wala la mtoto. Nauliza moja tu. Mama yangu yu hai? Ni mwanamke mrefu, asiye na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kilikatika akichanja kuni. Kama mtu wa namna hiyo yuko kwenu, mwambieni kwamba ameulizwa. Mkishindwa kunijibu, mwambieni hilo tu, inatosha."

Ayak alikaa akiutazama mkono wake mwenyewe wa kushoto juu ya meza, kana kwamba ndio uliopungukiwa. Kila asubuhi alipokea kikombe kutoka mkono wa Abul, na kila asubuhi vidole vinne vilimgusa. Mtu yule hakudai mke. Hakudai mtoto. Alipoogopa kwamba hakuna atakachokipata, aliacha kuomba vyote, akabakiza mama. Na yeye, Ayak, alikuwa amekaa juu ya jibu kama mtu anayekalia kiti cha mgeni.

Alichapa jumbe zote mbili, akamwomba Josline ruhusa, akapanda boda mpaka karakana ya Mabior.

Mabior alikuwa akiunga lango la chuma. Alivua miwani ya giza, akaipokea karatasi kwa ncha za vidole ili asiichafue. Alisoma polepole. Kisha akasoma tena. Kisha akazima mashine.

"Ulifika lini?"

"Huu wa pili, leo. Wa kwanza, Jumamosi. Niliusoma mbele ya watu, tukaucheka, nikaufuta. Jioni ileile nilitambua." Akaongeza: "Nikanyamaza mpaka leo."

Mabior hakumlaumu. Alikaa juu ya lile lango lisilokamilika. "Inawezekana ni mwongo," akasema. "Aliyempa anwani ya duka angeweza kumpa na habari za kidole."

"Inawezekana."

"Nawe unataka awe mwongo?"

"Nilitaka," akasema Ayak. "Mpaka aliposema inatosha."

Fundi aliutazama moshi uliokuwa bado unatoka penye kiungo. "Kaka yangu akiwa amekufa, mimi ni mume wako kwa ajili yake. Akiwa hai, Ayak, mimi ni nani?"

 Ayak alisema lile alilokuwa nalo. "Sijui. Lakini mama yenu ana haki ya kujua kwamba ameulizwa."

"Basi twende," akasema Mabior, akaondoka bila hata kunawa mikono.

Abul alisikiliza akiwa amesimama. Alitaka ujumbe wa kwanza usomwe, kisha wa pili, kisha wa pili tena. Hakulia wala hakupiga ukelele. Aliuficha mkono wa kushoto ndani ya mkono wa kulia.

"Dukani kwenu," akamwambia Ayak, "mwongo mnamtambua kwa nini?"

"Kwa haraka yake, mama. Kwa siri yake. Kwa kuomba asichopewa."

"Aliye taabuni naye ana haraka, ana siri, na anaomba. Hiyo haitenganishi kitu." Akaketi. "Mwongo hupenda kukubali. Ukimwambia mvua ilinyesha, atasema aliloa. Muulize hivi: siku ile alipopoteza kadi ya chakula kambini Kakuma, fimbo niliyompigia ilikuwa ya mti gani?"

Mabior alishtuka. "Mama, wewe mbona huku..."

"Nimekuuliza wewe?" Abul akamkata. "Nyamaza. Ayak, andika kama nilivyosema. Usiongeze jina la mtu yeyote."

Ikaandikwa, ikapelekwa.

Jumamosi alasiri ilikuta duka limejaa, lakini chai ilipoa vikombeni. Josline alikuwa ameambiwa yote, na tangu asubuhi alikuwa akitembea kwa vidole kama aliye katika nyumba ya mgonjwa. Makuach alisimama dirishani, hakimu asiye na la kuhukumu. Abul alipewa kiti cha wateja, karibu na Ayak. Mabior alibaki mlangoni, nusu ndani, nusu nje.

"Mama, malesh," Josline alimwomba Abul radhi kwa Kiarabu cha Juba, kwa kuwa Kiswahili cha mama yule kilikuwa kidogo. "Mtoto yako, tulimcheka. Mimi ndiye nilicheka sana."

Abul alimtazama, kisha Ayak akatafsiri jibu lake: "Anasema kama ni mtoto wake, atacheka pamoja nawe. Kama si mtoto wake, umecheka vizuri. Ngoja."

Na jibu likaingia. Ayak alisogeza kiti karibu na kioo. Makuach alitaka kumsomea, Ayak akatikisa kichwa. Alisoma kwanza kwa Kiswahili kama ilivyoandikwa, bila sauti ya puani, bila sauti yoyote isiyokuwa yake:

"Fimbo? Nani anayeuliza? Mama yangu hajapata kunipiga. Siku ile ya kadi hakusema neno mpaka usiku, kisha akanisogezea sahani yake, akasema hana njaa. Ningependelea fimbo. Kama anayeuliza ni mama mwenyewe, mwambieni hivi: nilipoondoka ulikuwa mwanamke mkweli, uongo umejifunza kwa nani?"

Ayak aliyageuza maneno kwa Kidinka, na kabla hajafika mwisho, Abul alikuwa anacheka. Hakucheka kwa adabu. Alicheka kichwa kimeenda nyuma, mdomo wazi, vidole vinne vikipiga goti, mpaka kicheko kikamzidi nguvu na kugeuka kitu kingine; akajifunika uso kwa nguo yake, akawa anatikisika humo ndani, na hakuna aliyeweza kusema kipi kilikuwa kipi. Josline alimkumbatia kutoka nyuma, akilia kwa Kiganda. Yule mteja aliyemwita mwandishi wa ujumbe msahaulifu hakuwapo; na kama angekuwapo angeomba radhi kama wote.

"Mimi najiuzulu," akasema Makuach, akiyapangusa macho kwa mkono wa shati. "Tafuteni jaji mwingine."

"Hujiuzulu," Josline akamjibu. "Kalas, imekwisha, utabaki. Utakuwa unasoma mara mbili tu kabla ya kufunga mtu."

Abul aliufunua uso. Akasema jambo kwa sauti ndogo, naye Ayak hakuhitaji kulitafsiri kwa wengine, kwa kuwa lilikuwa lake. Mkwewe alisema: "Sasa mjibu alichouliza mwanzo."

Duka likamtazama. Wote walijua kanuni, maana ni yeye aliyewafundisha: usimwandikie mgeni jina lako, wala la mtoto wako. Lakini halikuwa hilo lililouzuia mkono wake. Alijua kwamba akisha kuandika "mke wako anaitwa Ayak", ndoa ile ambayo mpaka leo ilikuwa ya ng'ombe na wazee na marehemu mwema asiyedai kitu, itakuwa na mtu aliye hai ndani yake. Hangeweza tena kulitaja jina la Riang kama jina la mtaa. Wala Mabior hangeweza.

Hakugeuka kumtafuta mlangoni. Akaandika, neno kwa neno, huku akilisoma kila moja kwa sauti ili asikie kila mwenye haki ya kusikia:

"Riang. Mama yako Abul yu hai, yu hapa, anacheka. Mtoto wako anaitwa Athieng, naye akikuona atakutajia mababa zako wote bila kuombwa. Mama yake anaitwa Ayak, ndiye anayeandika. Nilikucheka kwanza, kisha nikakuficha kwa siku kadhaa kwa kuogopa, unisamehe. Mabior, ndugu yako, ndiye aliyelisimamisha jina lako na kutulea sote, nami nimekaa naye kwa furaha. Hilo nakuambia mapema ili usilisikie kwa mwingine. Rudi. Wazee watakaa, na nitasema mbele yao niliyoyasema hapa."

Kidole kikakaa juu ya kitufe. Nyuma yake akasikia hatua, na harufu ya chuma kilichoungua ikamkaribia. Mabior alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, anasoma kwenye kioo.

"Umeandika 'kwa furaha'," akasema.

"Ndivyo ilivyo."

 Mabior akainama, akiegemea meza kwa mkono wake mweusi wa masizi.

"Ongeza," akasema, "kwamba nitamfuata mwenyewe mpakani. Asipande lori la mtu mwingine."

Ayak akaongeza. Kisha akautuma.

Ewe Mwenye kuwakusanya waliotawanyika, mfikishe salama kila aliye njiani, na umpe kila mama jibu kabla macho yake hayajachoka kungoja. Wahifadhi wale watu wazima watatu wa Hai Mauna na yule anayekuja wa nne pamoja na mtoto wao, na wazee watakapokaa, uyalainishe maneno vinywani mwao. Lijaze duka lile la Nyakuron riziki na kicheko kisichomdhulumu mtu. Na sisi tuliobaki, tupe masikio ya kuutambua uongo, na mioyo isiyoupita ukweli ukiwa na nguo chakavu. Amina.